Ringi Iliyombeba Beberu

Mwangaluka, mjukuu wangu Minza. Huku Bariadi tu wazima. Babu yako amenikataza kugombana na redio, sijamtii.

Unauliza kama kwa mashindano yako ya baiskeli ununue magurudumu mepesi ya dukani au usukiwe na fundi. Usukiwe! Tangazo la redioni litaijuaje njia yako?

Nilipojiandaa kwa mbio za baiskeli Nkololo, nilitaka fundi apunguze spoku niwe mwepesi. Akakataa. "Mayu, mama yangu, mbio zikiisha, Jumatatu hutabeba pamba kwa baiskeli hii hii?" Nilimfokea sana.

Nikawa wa pili. Mshindi alizawadiwa beberu, akampakia, na ringi yake nyepesi ikapinda njiani. Nikambebea beberu wake mpaka kwao, yeye akikokota baiskeli kando, tunacheka.

Mwambie fundi wako kwamba mashindano yakiisha unakuja kwa bibi. Barabara yetu unaijua.

Bibi yako anayekupenda