Kioo cha Mwisho cha Dada Salma

Bibi yangu, shikamoo. Naomba goti lako liwe limepoa huko Ibra.

Leo Dada Salma amenipeleka kwenye maabara ya chuo hapa Nizwa. Unakumbuka Baba alisema Salma akifaulu, nami nitaruhusiwa kuja kusoma hapa? Basi kilikuwa kimebaki kioo kimoja tu cha jaribio lake. Juu yake pana utando mwembamba wa silikoni, ambao chembe zake zimekaa ovyo. Salma huupaka alumini kidogo, akautia kwenye tanuri, na hiyo alumini huzisaidia chembe kujipanga kwa moto mdogo, usioyeyusha kioo.

Vioo vya mwanzo vilitoka na madoa. Kumbe Mama Mdogo alikuwa akilifukiza udi koti la maabara la binti yake kila asubuhi, na moshi wake ukachafua vioo! Mwalimu wake alipolinusa alicheka: "Salma, silikoni hii unaipeleka harusini?"

"Usimwambie mama," Salma akaninong'oneza aliponisimulia hayo. "Atasema bila udi nitanuka dawa."

Leo amevaa koti lililofuliwa kwa maji matupu. Kioo kilipopimwa, kwenye skrini hakikutokea kilima kipana kama siku zote, bali mstari mwembamba ulioinuka kama mnara. Chembe zimejipanga! Salma alinikumbatia, akilia na kucheka kwa pamoja.

Bibi, zungumza na Baba kabla hajala cha mchana, maana akishiba husinzia. Mwambie Salma amefaulu, nami niko tayari.

Nakubusu mikono yote miwili.
Mjukuu wako, Zuweina