Kijiti cha Mstari Mmoja

Jumatatu, 9 Juni 1997

Barua imefika leo. Juu imeandikwa tarehe 14 Aprili! Karibu miezi miwili kutoka Dar hadi sanduku letu la posta hapa Singida. Ng'ombe wa mnadani wanafika Dar, wanachinjwa, wanaliwa, barua bado iko njiani.

Daktari Urbano aliisoma ofisini kwake, kisha akaja mwenyewe maabara. Yeye huwa haji, huita. Akafunga mlango. Nikajua hapa kuna msiba.

Walioagiza vijiti vya kupimia Ukimwi wanasema toleo moja lina kasoro. Vinaweza kuonyesha mstari mmoja, yaani damu salama, hata kama damu ina virusi. Visitumike. Virudishwe vyote. Wameandika namba ya toleo. Nikatoa boksi kabatini, nikalinganisha tarakimu moja moja kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ni ile ile.

Vijiti hivyo navitumia kupima watoaji damu tu. Nikafungua daftari langu. Tangu boksi lifunguliwe mwezi wa pili, tumewaongezea damu watu wawili. Mzee mmoja wa Mwankoko, aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa nne, Mungu amrehemu. Na Redempta.

Redempta mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja, titi moja.

Siwezi kuandika zaidi leo.


Jumanne, 10 Juni

Sijala. Nimekunywa chai nusu kikombe.

Nakumbuka kila kitu cha siku ile. Tarehe 18 Februari. Redempta alijifungua hapa kituoni kwetu Utemini, mtoto wa kiume, Peniel. Mtoto salama, mama akawa anavuja damu kama pipa lililotoboka. Damu yangu ni kundi A, yake ni O, kwa hiyo yangu haikumfaa. Kaka zetu walikuwa tayari wanakunja mikono ya mashati. Baba akawazuia. Akasema binti alimtoa mzima, na mwenye mke ndiye atoe damu yake; asipotoa yeye, ni mume wa nini? Wazee wote wakaitikia. Ndivyo kwetu. Mwanaume hupimwa siku kama ile.

Basi Mughwai, mume wake, akaitwa. Mimi nilikuwa chumba cha wazazi, nimemshika Redempta mkono, ananiambia dada naona giza. Nesi Happiness ndiye aliyemtoa mtoaji damu kule chumba cha sindano. Akaniletea kichupa cha kupimia: "Mughwai – mume". Nikakimbia maabara. Kundi O. Nikachanganya na damu ya mgonjwa, zikapatana. Nikachovya kijiti. Mstari mmoja. Jamani nilitaka kukibusu! Jioni midomo ya Redempta ikawa na rangi tena, akaomba uji. Baba akaniambia mbele ya watu: umemwokoa mwenzako.

Nimemwokoa, au nimefanya nini?

Daktari anasema tusiende pupa. Tumpime kwanza mtoaji, kwa vijiti vizuri. Mtoaji akiwa salama, hakuna sababu ya kumtia hofu mama anayenyonyesha. Hapo ana akili. Halafu akaongeza: na wewe, Damari, usimwambie mtu. Tangu ije ruhsa ya serikali, zahanati za watu binafsi zimeota kama uyoga, kwenye barabara yetu peke yake zipo tatu. Tukivuma vibaya leo, kesho benchi letu linakaliwa na kuku. Si mtu mbaya. Anaogopa. Hata mimi naogopa, ila hofu zetu hazifanani.


Ijumaa, 13 Juni

Daktari amepata vijiti vinne vya toleo jingine, kwa rafiki yake wa zamani kule hospitali kubwa. Nimeviweka kwenye droo yangu na ufunguo nimeuvaa shingoni. Kila saa nafungua kutazama kama vipo. Viende wapi?

Nimesikia Mughwai atakuja Jumanne na magunia ya alizeti, kukamua. Nitamwambiaje? Shemeji, nipe mkono wako nione kama umemuua mke wako?


Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikusikia neno. Benchi la mbele yangu mama mmoja alikuwa ananyonyesha. Mahubiri yote nimemtazama yule mtoto anavyomeza. Virusi hupita hata kwenye maziwa.


Jumanne, 17 Juni

Ashukuriwe Mungu! Ashukuriwe! Mstari mmoja!

Ngoja niandike kwa utaratibu. Mughwai alifika saa nne, nguo zote vumbi la njia ya kijijini kwake Issuna. Nikamwambia shemeji umekonda, njoo nikuangalie wingi wa damu. Ndiyo, nimemdanganya. Nitatubu siku nyingine. Akaangalia mlango. Akasema shemeji, mimi na sindano hatupatani tangu utotoni. Nikamcheka: mbona Februari ulitoa chupa nzima! Akacheka na yeye, kicheko cha mdomo tu. Akafumba macho, akageuzia uso ukutani, akatoa mkono.

Dakika kumi na tano za kijiti! Nilifua mapazia ya maabara ambayo hayakuwa machafu. Niliporudi kutazama, mstari mmoja, umekolea vizuri. Nikamwita Daktari. Akavaa miwani, akavua, akavaa. Akaketi chini. Akamtuma mtu soda, tukanywa mbili mbili kama watu wa harusini.

Mughwai nimempa sukari kilo mbili na kanga ya Redempta. Ameshangaa. Mwache ashangae.

Nimekula ugali wote na nikakwangua sufuria.


Jumatano, 18 Juni

Kwa nini sikuimwaga ile damu ya jana ya Mughwai?

Nilikuwa najaza daftari. Mazoea yangu: kila damu inayopita mezani kwangu naiandikia kundi, hata kama hakuna aliyeniuliza. Nikapima ya Mughwai ili niijaze. Kundi B.

Nikarudia. B. Nikabadilisha dawa, nikarudia mara ya tatu. B!

Februari nimeandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu: Mughwai, O. Mtu hahami kundi la damu kama anavyohama chama. Na kama Redempta angewekewa B siku ile, angekufa palepale kitandani. Kwa hiyo damu ilikuwa O kweli. Haikuwa ya Mughwai.

Nikamfuata Happiness. Nikamwuliza yule aliyetoa damu alikuwaje. Akasema mrefu, mweusi, meno mawili ya mbele hana, mchangamfu, alikuwa anamtania. Mughwai ni mfupi, maji ya kunde, na meno anayo yote. Nikamwuliza kwa nini hakuhakikisha. Akaanza kulia. Alikuwa na mwezi mmoja tu kazini, ukoo wetu hakuujua. Akasema: "Sasa dada Damari, mtu anaingia anasema mimi ndiye mume, nakuja kumtolea mke wangu damu. Nimwambie alete cheti cha ndoa?"

Hana kosa. Na mimi ningeinua kichwa tu nichungulie chumba cha sindano, hatua sita! Sikuinua.




Ijumaa, 20 Juni

Nimetoka Issuna sasa hivi. Mgongo unauma kwa lori. Naandika yote, maana nikilala nayo hivi nitapasuka.

Nilimkuta Mughwai nyuma ya nyumba anapiga alizeti kwa fimbo. Redempta alikuwa kisimani. Bahati. Sikuzunguka. Nikamwambia shemeji, Februari nani alitoa damu?

Akaendelea kupiga alizeti. Nikarudia. Akasema ni yeye, kwani vipi. Nikamwambia damu yako ni B, ile ilikuwa O, mimi ndiye niliyezipima zote mbili. Fimbo ikasimama.

Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Shemeji, mimi siogopi sindano kama nilivyosema. Niliogopa kupimwa. Mwaka juzi nilikaa Manyoni miezi minane kwa biashara ya mbuzi, na mimi si mtakatifu. Nikajua lazima mtapima kwanza. Ningekutwa nao pale, baba mkwe amesimama mlangoni na wazee wote? Ningeweka wapi uso? Alute akaniambia we, tulia, nitakwenda mimi, nitapitia mlango wa nyuma wasinione."

Alute ni mtoto wa mjomba wake. Mrefu, mweusi, pengo mbele. Utingo wa malori yanayokwenda Rwanda. Mughwai alimchinjia jogoo wa shukrani.

Mficha uchi hazai, wanasema. Huyu amezaa, na uchi wake ameufichia kwa mwenzake.

Nikamwuliza Alute yuko wapi. Akasema amerudi kwa mama yake. Anaumwa tangu Pasaka. Kifua. Nikauliza amekonda? Akaokota mbegu moja ya alizeti, akaimenya, hakuila.

Nikakaa juu ya gunia. Nikamweleza barua, vijiti, toleo, vyote, na jinsi nilivyomchukua damu kwa hila. Akasikiliza. Halafu akauliza taratibu: kwa hiyo juzi ulinipima hicho? Nikasema ndiyo. Ikawaje? Nikasema huna.

Uso ukamfunguka! Nimeuona kwa macho yangu. Akasema, "Kumbe mimi mzima!" Amebeba hofu hiyo miaka miwili, masikini, na ikamtoka yote kwa pumzi moja. Halafu akanitazama, akakumbuka tunaongelea nini. Akaanguka magoti juu ya alizeti zake. Nilimchukia kwa nguvu zangu zote. Na nilimwonea huruma, na kwa hiyo huruma nikajichukia mimi.

Redempta akatokea na ndoo kichwani, Peniel mgongoni. "Shikamoo dada! Mbona hukutuma salamu kama unakuja?" Mnene, anang'aa. Mtoto ana mikunjo mapajani kama andazi. Akamtoa mgongoni, akakaa, akamweka titini, huku ananiuliza habari za mama. Nikajibu. Sijui nilijibu nini. Nilikuwa namhesabia mtoto mafunda.

Nikamwambia aje mjini Jumatatu nimwangalie damu. Akasema damu tena? Akamtazama mume wake, ambaye alikuwa bado yuko magotini anaokota mbegu.


Jumamosi, 21 Juni

Nimegombana na Daktari. Kwa mara ya kwanza tangu aniajiri.

Yeye: tusimngoje Alute, tumpime mgonjwa moja kwa moja, miezi minne imepita, kijiti kitaonyesha. Hapo sawa. Nikamwuliza, kama damu ya Alute ilikuwa nayo, kuna uwezekano asiwe ameambukizwa? Akasema chupa nzima kwenye mshipa, Damari...

Halafu akasema wewe ni dada yake, utamweleza wewe. Nikamwambia kituo ni chako, barua uliisoma wewe, kijiti ulinunua wewe. Akasema na kijiti ulikichovya wewe.

Nikatoka. Kweli nilikichovya mimi.


Jumapili, 22 Juni

Baridi, na ule upepo wetu wa Juni unavuma tangu asubuhi. Sikwenda kanisani. Nimeogopa yale mabenchi.


Jumatatu, 23 Juni

Saa tano kasorobo asubuhi. Naandikia mezani kwangu maabara, ili mkono uwe na kazi. Kijiti kipo mbele yangu, nimekifunika na sahani ya chuma. Nimekichovya saa tano kasoro dakika ishirini. Dakika kumi zimebaki. Nimeapa sitakifunua kabla.

Redempta amefika na Mughwai kwa lori la vitunguu. Daktari alipomwona akatoka ofisini, akasimama, akashindwa, akarudi ndani. Basi nimemweleza mimi. Hapa hapa, kwenye kiti cha wagonjwa. Nilianza Kiswahili, cha barua, cha toleo na kasoro. Akaniambia kwa Kinyaturu, dada, sema kama unasema na mimi. Nikasema kwa Kinyaturu. Inauma zaidi kwa Kinyaturu. Nikamwambia na la maziwa, na la Alute, maana Mughwai alikuwa amesimama mlangoni anatazama viatu vyake.

Hakulia. Alimwuliza mume wake swali moja tu: "Ulikuwa wapi wakati Alute ananitolea damu?" Akasema alikuwa nyuma ya jengo, amekaa kwenye mawe. Redempta akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa njia. Akanipa mkono. Mshipa niliupata mara moja. Mara zote nilizotoboa watu sijawahi kutoboa vizuri kama leo.

Dakika saba.

Wako nje, kwenye benchi chini ya dirisha langu. Yeye mwanzo wa benchi, mume mwisho wa benchi. Nasikia Daktari anatembea ofisini, kwenda na kurudi. Nimeangalia namba ya toleo ya kijiti hiki mara nne. Ni nyingine. Nimeangalia tena.

Dakika tano. Mungu, mimi sikuombi mambo makubwa. Mstari mmoja.

Peniel ameamka. Analia kilio cha njaa, namjua. Mughwai anasema mpe basi. Mtoto anazidisha.

Sasa Redempta amesimama, amesogea dirishani, uso wake uko kwenye nondo. Kifungo cha blauzi kimoja amekifungua, ameishia hapo. Miezi minne anamnyonyesha huyu mtoto mchana na usiku, hajawahi kumwomba mtu ruhusa. Ananiuliza:

"Dada, nimpe?"

Dakika tatu zimebaki. Anangoja nimjibu, na mimi naandika.