Madigadi ya Baiskeli Yako

Kaka mpendwa,

Habari za siku nyingi, na za shemeji na watoto? Mimi mzima, kifua tu kinanisumbua tangu mvua zianze. Baba naye hajambo, anakula na kugomba kama kawaida yake.

Nakuandikia kuhusu ile baiskeli yako ya safari ndefu. Mwezi uliopita Baba aliitoa stoo, akasema siku ukirudi tope lisije likakuchafua nguo, lazima aifungie madigadi. Fremu ni ya zamani, kati ya tairi na breki hata kidole hakipiti. Ikabidi digadi la mbele alikate pale kwenye uma unaoshika gurudumu, aliunge kwa kipande cha bati, kisha aweke mpira wa tyubu chini lisigongegonge. Macho yake hayazioni nati tena, kwa hiyo nilizishika mimi. Kila nikiteleza aliniambia mikono yangu ni ya kuoshea vyombo, na kwamba wewe ungekuwepo kazi ingeisha asubuhi.

Ilipendeza, sikatai. Gurudumu lilizunguka kimya kabisa. Nikamwomba niwe naenda nayo kazini kiwandani, maana ile barabara unaijua, nafika na tope hadi magotini. Alicheka. Alisema hakuhangaika hivyo ili mimi nikaharibu mali ya mwenyewe. Eti nimetembea miaka yote na miguu haijakatika.

Tangu hapo kila jioni aliniuliza kama umepiga simu. Hupigi, Kaka. Jumapili nikamwambia umepiga. Nikasema siku hizi una gari, hicho chuma ampe mnunuzi wa vyuma chakavu, na aache kukusumbua na mambo yake ya uzee. Aliniomba nirudie. Nikarudia, polepole, maana masikio nayo yamechoka.

Alichukua spana akaanza kuyafungua madigadi. Nati zikamdondoka, akapiga magoti kuzipapasa sakafuni. Nilikaa kitini nikimtazama. Mimi nilikuwa naziona zote.

Sasa baiskeli naenda nayo kazini mimi, na haulizi kitu. Sikuandikii ili unisamehe. Nakuandikia ili siku ukikumbuka kupiga, maneno yetu yasipishane.

Wasalimie sana shemeji na watoto, wabusu kwa niaba yangu. Salamu za Baba sina.

Ni mimi,
mdogo wako