Kichwa cha Cuthbert

Calderthorpe,
Jumanne, 10 Machi 1931

Mama mkwe wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta kifua kimekuachia kidogo, na baridi ya huko kwenu imepungua makali. Hapa miili yetu ni mizima, ila mvua haitaki kukatika. Nguo nimezianika jikoni tangu Jumamosi na bado zinachuruzika. Mwambie Meggie soksi alizofuma zimefika na kaka yake anazivaa.

Bila shaka habari za nusu fainali ya Jumamosi hii huko Leeds zimekufikia. Mji huu umepagawa, Mama. Mwenye bucha katundika picha ya mwanao katikati ya soseji, na nikienda kununua utumbo napitishwa mbele ya foleni: “Mpisheni mke wa Kichwa!” Ndilo jina walilompa, kwa kuwa hakuna mpira wa juu unaompita. Zamani nilikuwa nacheka na kujiona malkia. Siku hizi sicheki.

Najua ulivyousaini haraka mkataba wake siku ile yule mzee wa klabu alipoingia jikoni kwako. Cuthbert alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, uso umejaa vumbi la makaa, ukasema afadhali mpira kuliko mgodi ambao tayari ulikuwa umemharibu baba yake mapafu. Hukukosea, na sitaki ujilaumu hata kidogo. Amekuwa beki wa kati hapa kwa miaka kumi, na sasa ndiye nahodha. Mara mbili klabu kubwa zimemtaka, mara mbili wakuu wake wamekataa kumwachia, na mchezaji akishakataliwa hana pa kwenda kulalamika.

Lakini mpira wa ngozi ukilowa unakuwa mzito kama tofali, na mwanao ameupiga kwa kichwa majira yote ya baridi. Ilipofika Novemba akaanza kurudi nyumbani na kukaa gizani, kitambaa cha maji usoni, hataki hata nigonganishe vijiko. Ukafuata usahaulifu. Siku moja aliingia kwa jirani yetu Bi Ormerod, akatundika koti, akakaa mezani akingoja chai. Bi Ormerod alicheka hadi machozi, akautangazia mtaa mzima, na Cuthbert naye akacheka. Kisha akalivaa tena lile koti, akatoka bila kuingoja ile chai.

Halafu ikaja mechi ya mwezi uliopita. Timu zilipobadilishana upande baada ya mapumziko, yeye akaendelea kulinda lango lilelile la mwanzo, akawa anawapelekea wapinzani mipira. Watu jukwaani wakapiga kelele: “We Kichwa, umepotea njia ya kwenu?” Mwingine akamuuliza amehongwa shilingi ngapi. Gazeti likaandika kwamba nahodha wetu amechoka.

Nilimsihi aache. Akanijibu kwamba ana miaka ishirini na tisa, hajui kazi nyingine isipokuwa kuchimba makaa, nyumba tunayoishi ni ya klabu, na fainali ya Kombe ameiota tangu utotoni. Mimi ni nani wa kumnyang'anya? Kisha akanishika mkono na kuniapisha kwa pete yangu ya ndoa nisimwambie mtu yeyote wa klabu, wala wewe, Mama. Wewe hasa. Nikaapa.

Basi jua kwamba kiapo hicho nimekivunja, na kwa barua hii nakivunja mara ya pili. Jana nilivaa kofia ya kanisani, nikaenda kwa meneja, Bwana Pilling, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu na kunipa chai katika kikombe cha wageni. Kisha akasema anajua. Daktari wao alimwambia kabla ya Krismasi. Akanituliza kwamba imebaki Jumamosi hii tu, na nyingine moja Mungu akipenda, halafu watampumzisha. Ila tafadhali nisimwambie Cuthbert, nitamvuruga akili. Nisimvuruge akili! Ile chai nikaimwaga kwenye zulia lake, na sijutii.

Nilirudi nikamkuta mume wangu mezani, amefurahi kama sijui nini. Wachezaji walikuwa wamepewa tikiti za ndugu zao. Akaniambia moja ni yako na nyingine ya Baba, na nikuandikie umhimize Baba avae skafu, kwa sababu upepo wa Leeds ni mbaya kwa mapafu yake. Nilidhani ananitania. Nikasema, Cuthbert, Baba tulimzika, huu ni mwaka wa nne. Mama, alilia. Alilia kama mtu anayeletewa habari za msiba kwa mara ya kwanza, nami nikakaa naye sakafuni mpaka akanyamaza. Leo asubuhi ameamka mchangamfu, akaniuliza kama nimeshaziposti zile tikiti.

Kwa hiyo njoo. Mimi hanisikii, lakini wewe hajawahi kukukatalia. Panda treni Alhamisi, usingoje Ijumaa. Sema unaumwa, sema paa linavuja, danganya utakavyo, mradi Jumamosi asiwepo uwanjani. Mchukue nyumbani. Klabu ichukue nyumba yake. Nitafua nguo za watu, nitapiga deki, nitafanya lolote. Nimpate huyu aliyebaki, sitaki Kombe.

Wasalimie Meggie na majirani, na usiwaambie kitu. Na nakuomba jambo moja, najua ni zito kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Akikupokea mlangoni akauliza mbona Baba hukuja naye, mwambie anakuja na treni inayofuata.

Mimi mkweo nikupendaye,
Annis Raine