Boga kwa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mama mkwe amerudi kutoka kumpima mtoto kilo. Mimi siendi, niko edani. Mjane wa nguo nyeupe hatoki kwa ajili ya mizani.

Binti yangu Rachida ameshuka kilo tena. Mama Scholastique, muganga wa zahanati pale, amesema kwa mtoto wa miezi tisa uji peke yake hautoshi. Maziwa yangu yalikauka shimo la dhahabu lilipomfunika mume wangu Kassim kule machimboni Kama. Tarehe 18 anapimwa tena. Akishuka, analazwa hospitali. Nimesikia. Nimeendelea kukunja nepi.

Maagizo: chakula cha kushika mwenyewe. Kipande kirefu kama kidole cha mtu mzima, laini, ukikibonyeza kwa vidole viwili kipondeke. Boga, papai, ndizi ya kupika iliyochemka sana. Karanga hapana, punje za mahindi hapana, samaki achambuliwe miiba yote. Mtoto akae wima, mtu awe karibu. Mama mkwe ameyashika yote kwa kichwa, na anayasoma kwa sauti ya msikitini.

Jumanne, 5 Agosti

Boga. Rachida alilitazama kama polisi wa barabarani anavyotazama makaratasi ya pikipiki. Kisha akanyosha mkono — wa kushoto.

— Hapana, mama. Ule njo mukono ya chooni. Ya kula njo hii.

Mama mkwe akakihamishia kipande kuume. Rachida akakiangusha. Akakiokota kwa kushoto. Kikahamishwa. Kikaanguka. Aliyeshiba leo ni kuku.

Alhamisi, 7 Agosti

Papai, avoka. Mambo yale yale. Kuku ananenepa.

Latifa, jirani, alikuja kunipa pole. Alilia mpaka akaomba kitambaa. Akaniuliza mbona mimi silii. Nikamwambia machozi yake yanatutosha wote wawili. Hakucheka. Alipomwona Rachida akamwambia mama mkwe: muufunge ule mkono. Mtoto wake alimfunga, leo anaandika na kuume kama karani.

Mama mkwe akaleta soksi na uzi. Soksi ya Kassim. Ningeweza kusema neno. Nilitazama fundo likikazwa juu ya mkono wa kushoto.

Jumamosi, 9 Agosti

Rachida amefunga mdomo kabisa. Hata uji anautema. Mama mkwe anasema njo meno. Siyo meno.

Ana miguu myembamba sasa. Naiona ninapomwogesha. Naona tu, kama unavyoona mguu wa meza.

Jumapili, 10 Agosti

Baba mkwe, mzee Soudi, hali na mtu. Mwaka 2002, mji wetu ulipokuwa umezingirwa na hakuna kinachoingia, alivuka mto kutafuta mihogo shambani kwake. Wenye silaha wakamkuta huko. Alirudi bila mkono wa kuume. "Na bila mihogo" — hilo huongeza mwenyewe.

Mwanzo mkewe alimlisha tonge kwa tonge. Akakataa, yeye si mtoto. Tangu hapo hubeba sahani yake nyuma ya jiko, anakula kwa kushoto mahali pasipo jicho. Nyumba nzima hupitia upande wa pili. Mimi mkwe, zaidi tena.

Jumanne, 12 Agosti

Rachida amenitoroka. Alitambaa. Soksi ilichora mchanga, nikafuata mstari mpaka ukuta wa jiko. Mkwe hachungulii sahani ya baba mkwe. Nikachungulia.

Soksi ilikuwa chini, fundo limelowa mate. Mzee amelifungua kwa meno. Alimega boga, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaliweka mbele ya mtoto. Hakumpa mkononi. Rachida akachukua na kushoto. Mzee naye akachukua na kushoto. Walikula kama wezi wawili wanaofahamiana.

Halafu Rachida akakabwa. Macho yakajaa maji, ulimi nje. Nikakimbia.

— Usimushike, mwanangu. Anakohoa, pumzi iko. Akinyamaza njo umushike.

Rachida akakitema kipande. Akakikagua. Akakirudisha mdomoni.

Nikajikuta chini mchangani, kando ya mtoto. Tangu habari ya Kama, hiki ndicho kitu cha kwanza mwili wangu umefanya bila kuagizwa.

Mzee alikuwa ameifunika sahani kwa pindo la kanzu.

— Usimwambie mama mkwe wako.

Alhamisi, 14 Agosti

Kila mchana soksi inatambaa nyuma ya jiko, na inarudi imefungwa vizuri. Leo Rachida kala samaki, mzee kamchambua mwiba kwa mwiba kwa mkono mmoja. Usiku kalala bila kulia.

Mama mkwe amempapasa tumbo.

— Unaona? Soksi imesaidia.

Nimesema ndiyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo wamekula mapema, asubuhi, na mama mkwe amefuata mstari wa soksi. Nilingoja kelele. Hakuna. Alirudi, akakaa kwenye kibao, soksi mapajani.

— Miaka yote hii, sijamuona muzee akitafuna.

Basi. Akaenda kupika.

Sasa hivi ametandika mkeka katikati ya uwanja, mlango wa barabara ukiwa wazi. Wali, sombe ya majani ya muhogo, boga limekatwa vidole vidole. Mzee ametoka msikitini.

— Baba Kassim. Kuja kula.

Hilo jina halikuwahi kutamkwa hapa tangu tulipomzika mwanawe.

— Chakula yangu uweke kule.

— Kule hapana tena. Mutoto hali bila weye, na kilo njo Jumatatu.

Amekaa. Mkono bado uko ndani ya kanzu. Mama mkwe ameinamisha birika juu ya beseni, upande wa kushoto wa mzee, anangoja amnawishe. Birika limejaa. Latifa anapita barabarani na kapu lake, amesimama. Mimi niko kizingitini, mkwe hakai kwenye sahani ile. Naandika ili nisitazame, kisha natazama.

Wali unapoa. Rachida ameshika boga kwa kushoto. Hali. Anamnyoshea babu yake.

Kanzu imesogea, vidole vya kushoto vimetoka.