Mzee wa Naguru na Dub Bila Mwimbaji

Jumamosi usiku

Sijamwambia mtu yeyote: yule "Mzee wa Naguru" anayetuma ujumbe kwenye kipindi cha rege redioni ni mimi. Mtangazaji ndiye aliyenipa jina hilo kwa kuwa ninaandika kutoka mtaa wa Naguru; hajui kwamba mimi ni msichana, nami sikumsahihisha.

Leo aliuliza wasikilizaji kuhusu albamu za zamani za dub, ile rege iliyoondolewa sauti za kuimba. Niliandika kwamba nazipenda kwa sababu mwimbaji ananyamaza, besi inasema yaliyobaki. Mtangazaji alipousoma ujumbe wangu, baba, akiwa bado na sare yake ya polisi, alicheka sana. "Muziki bila mwimbaji ni sahani ya posho bila maharage! Huyu mzee amelewa nini?"

Niliendelea kuosha vyombo, lakini niliumia. Tangu nimalize shule sijathubutu kutoa maoni mengine mbele ya watu.

Baada ya chakula baba akatoa kanda yake ya dub, ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka, akaisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Mama Akello, huyu mzee ana masikio," akamwambia mama. "Wiki ijayo nitapiga simu redioni nimwalike chai."

Chai ya nyumbani naipika mimi. Nilitaka kumwambia palepale, nikaishia kusuuza birika...

Nitamwambia mwenyewe, nikipata nguvu. Mpaka hapo, daftari langu, tafadhali, usinitaje.