Nilimtungia mpwa wangu asili ya neno la mama yake

Dada Violet, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana mimi Silvanus, niliyewahi kupaki magari ya mabalozi watatu kwa mpigo mmoja hapa hotelini Alexandria, Marekani, na darasa la saba ndiyo mwisho wangu ila Kiingereza changu hata Wamarekani wenyewe huniuliza nilikisomea wapi, leo nimekwama kwa neno moja tu.

Dada yangu Domina anakaa Woodbridge na binti yake Irene, miaka kumi na tisa, yuko chuo, na huyo mtoto Kiswahili anakisikia chote lakini mama yake akimwita anajibu Kiingereza, akigombezwa Kiingereza, isipokuwa kwangu, kwa sababu nilimwekea sheria tangu mdogo kwamba hadithi zangu haziombwi kwa Kiingereza, na ameishika mpaka leo, kwangu peke yangu katika ukoo mzima. Sasa Domina akikuta vyombo havijaoshwa hupiga kelele, "Irene, I'm exasperated!", yaani amekerwa mpaka basi, na mwezi uliopita Irene akaniuliza, "Mjomba, hili neno la mama lilizaliwa wapi?" Ningesema sijui? Mimi? Nikamwambia lilizaliwa Bukoba, kulikuwa na mkoloni mpima mashamba anaitwa Bwana Aspa, na babu yangu alikuwa anahamisha vigingi vyake kila akienda kula, miaka minne, mpaka Bwana Aspa akavua kofia akaila, akarudishwa kwao kwa meli, na Waingereza wakalichukua jina lake kuiitia hasira ya aina ile.

Irene akacheka mpaka akakaa chini. "Kweli, mjomba?"

"Kweli tupu. Kamuulize marehemu."

Kumbe simu yake ilikuwa inarekodi, mwalimu alitaka historia ya neno linalosemwa nyumbani, na yake imechaguliwa kusomwa Jumamosi mbele ya wazazi, atasema, "Shahidi ni mjomba wangu, asimame," na Domina ameshawaalika watu wa jumuiya na kunishonea shati la kitenge.

Nikaenda maktaba kutafuta kitu kidogo cha kumsaidia Bwana Aspa, nikaletewa kamusi nzito kama debe la mahindi, na humo Dada Violet nikakuta mambo, eti neno ni la Kilatini, mwanzo wake ni kukifanya kitu kiwe cha kuparuza, kisiwe laini tena, halafu madaktari wa zamani wakalitumia kwa ugonjwa uliozidishwa makali, na wataalamu wa mimea kwa jani lenye vinundu vikali, na mtu aliyekerwa naye akaingia humo humo. Nikashika kidevu changu ambacho sijanyoa siku mbili nikasema aha! Nimerudi mara tatu, chakula nimesahau, sasa nataka kujua na maneno mengine. Lakini nikimwambia Irene, atanihesabu mwongo, atarudi kwenye Kiingereza na mimi nitakuwa kama wajomba wengine. Nikinyamaza, mwalimu si anacho kitabu hicho hicho? Au nimwambie kitabu kimekosea, maana nacho kiliandikwa na watu?

Silvanus, Alexandria

*

Kaka Silvanus, pole, na kitabu hakijakosea. Nimecheka kwa Bwana Aspa, halafu nikamfikiria huyo binti amesimama mbele ya mama yake na jumuiya nzima, mwalimu anafungua kamusi, na wewe umekaa mstari wa mbele na shati jipya. Hapo nikaacha kucheka. Wewe ulijipamba, na aibu umemwachia yeye aibebe.

Unaogopa ataacha kusema Kiswahili na wewe. Hebu jiulize, mtoto anayeepa kumjibu mama yake kwa Kiswahili, kwa nini anakitafuta akija kwako? Unadhani ni kwa sababu unajua kila kitu? Ana simu mkononi, kaka, inajua zaidi yako. Anakuja kwa sababu kwako neno moja linachukua alasiri nzima. Hiyo huwezi kuipoteza kwa kusema sijui. Kwa kumwaibisha, unaweza.

Tena umerudi maktaba mara tatu bila kutumwa na mtu, na kwenye barua yako sehemu hiyo ndiyo niliyoiamini bila kusita. Mpeleke na yeye. Mwambie pia kwamba sisi tukisema watu wamekwaruzana, hatuna maana ya ngozi, kwa hiyo Mlatini na Mswahili walipapasa hasira kila mmoja kwao, wakakuta inaparuza. Hilo alisome Jumamosi. Akimtaka na Bwana Aspa, amsome kama hadithi ya mjomba na aseme hivyo waziwazi. Lakini aamue yeye, kazi ni yake.

Mpigie leo, usingoje Ijumaa. Sema, "Irene, ile ya Bwana Aspa niliitunga mwenyewe," kisha nyamaza. Usieleze, usipambe, babu mwache apumzike. Akikukasirikia kwa Kiingereza, msikilize kwa Kiingereza hicho hicho unachojisifia, na wewe umjibu kwa Kiswahili, polepole, mpaka hasira yake iishe.

Dada Violet